Posa ya Kijana wa Nyota

Jumamosi hiyo Asenath aliamka na wimbo mdomoni. Ukimwona msichana wa miaka ishirini na minne akiimba huku anasugua sakafu ya saruji, usiulize maswali mengi, kuna mtu anakuja. Alisugua sebule mara mbili, akafua vitambaa vya makochi, akavianua kabla havijakauka kwa sababu ya pupa, akavipiga pasi na unyevu wake. Mzee Wamalwa, babake, alikuwa amekaa karibu na dirisha akinyoa ndevu mbele ya kioo kidogo, na kila mara alimtupia jicho la pembeni.

"Huyo Mkamba wako ni askofu?" akauliza.

"Papa, wacha hiyo."

"Nauliza tu. Askofu alikuja hapa mwaka juzi na hukupiga pasi kitambaa."

Kicheko kilitoka chumbani. Kilikuwa cha Mama Wakoli, mamake Asenath, aliyeketi kitandani akiwa amenyoosha mguu uliotolewa plasta juzi tu. Mlango wa chumba chake ulikuwa pazia la maua, kwa hivyo kila lililosemwa sebuleni alilisikia. Leo hakuwa na ruhusa ya kutoka. Wamalwa alikuwa Mbukusu hata akiwa mtaani Lucky Summer na koti la kiwanda cha magodoro mgongoni, na kwa Wabukusu mama mkwe na mkwe hawaonani uso kwa uso, hawapeani mikono, hawali chumba kimoja. Wengi wa Nairobi walikuwa wameanza kujifanya wamesahau. Nyumba hii haikuwa imesahau.

"Mimi leo ni mfungwa," Mama Wakoli alisema kutoka ndani. "Lakini Asenath, huyo mtu anasoma chuo kikuu, si ndiyo? Na ni Mkamba?"

"Ndiyo, mayi."

"Akiwa na roho hata nusu ya yule Mkamba wangu, mimi nitafurahi."

Asenath aliinamia pasi ili babake asimwone akitabasamu. Mkamba wa mamake na Mkamba wake walikuwa mtu mmoja. Hilo alikuwa amelificha tangu Novemba, akiingojea siku ya leo kwa hamu isiyo na kifani.

Mambo yote yaliletwa na nyota. Mumo, huyo Mkamba mwenyewe, alikuwa mtoto wa dereva wa mtaa wa Komarock, kijana mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kusahau kula. Alikuwa akisomea shahada ya pili ya fizikia, na tangu Oktoba mwaka uliopita alikuwa na wazimu mmoja. Wataalamu wawili wa Uswisi walikuwa wametangaza kwamba kuna sayari inayozunguka nyota nyingine inayofanana na jua letu, mbali kabisa huko angani. Sayari yenyewe hakuna aliyeiona. Walichoona ni nyota kuyumba kidogo, kwenda na kurudi, kama mama anayevutwa mkono na mtoto sokoni. Mumo alishinda akipiga hesabu za mwangaza wa nyota za namna hiyo, na jioni alimweleza Asenath, ambaye aliuza dawa katika duka moja la Eastleigh. Asenath alisikiliza hata pale asipoelewa, kwa sababu alipenda jinsi macho ya Mumo yalivyowaka akizungumza.

Jioni moja stima ilipotea mtaa mzima, Mumo akaja na darubini ya kuazima. Walipanda kwenye paa wakitaka kuwa wawili tu, lakini Lucky Summer hakuna cha wawili tu. Majirani walifuata, na nyuma yao Mama Wakoli, ambaye hakujua kijana huyo ni nani kwa bintiye. Alichungulia kwenye darubini, akaona kidoa cha mwangaza, akaelezwa kwamba sayari ile iko karibu sana na nyota yake hivi kwamba mwaka wake huisha kwa siku nne.

"Mwaka mzima, siku nne?" alishangaa. "Basi huko mtu akifiwa Jumatatu, Ijumaa wanasema ilikuwa mwaka jana."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Mwanawe wa kwanza, yule Wakoli aliyempa jina la kuitwa, alikuwa amefariki kwa homa ya uti wa mgongo miaka saba nyuma, na hakuna hata mmoja kati ya miaka hiyo uliokwenda haraka.

Wakati wa kushuka, mguu wake ulikosa ngazi gizani, ukavunjika. Mumo alimbeba mikononi hadi chini, hadi kwenye pikapu ya jirani, na njia nzima ya kwenda hospitali alimpakata kichwa. Baada ya hapo alikuja kumwona kila alipopata nafasi ya mchana, Mzee Wamalwa akiwa kiwandani. Alimwoshea vyombo, akamsomea Biblia, wakala ugali sahani moja. Alimwita "mwaitu", kama Wakamba wanavyomwita mama, maana wake alikufa yeye akiwa kidato cha pili, na tangu siku hiyo hakuwa na mtu wa kumwita hivyo. Kabla ya Krismasi, mbele ya akina mama wa kanisa, Mama Wakoli alimwekea mkono kichwani akampa jina la marehemu mwanawe. Vigelegele vilipigwa. Asenath alipiga kuliko wote.

"Mwambie mathe wako sasa," Mumo alimsihi mara nyingi. "Siskii vizuri kumficha."

"Ngoja akupende kwanza. Akishakupenda, nani atakataa?"

Kumpenda alimpenda kweli, na hapo ndipo Asenath alipokosea bila kujua. Alikuwa amezaliwa Pumwani, humo humo Nairobi, mila za kwao alizijua kama mtu anavyojua shamba analotembelea Desemba tu. Alidhani mwiko wa mkwe huanza siku ya posa. Kwamba kuna mambo ambayo mtu akishayafanya hawezi tena kuwa mkwe, hilo hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza.

Saa nane mchana hodi ikapigwa. Mumo aliingia amevaa suti ya kaka yake, mikono mifupi kidogo, akifuatana na mjomba wake Mulwa, mchonga vinyago wa Shauri Moyo. Asenath aliwakaribisha akiwa ameinamisha macho, lakini alipompokea Mumo mfuko wa zawadi vidole vyao viligusana, na moyo wake ukapiga hadi akaogopa utasikika.

"Tumekuja kwa amani," Mulwa alisema baada ya maombi. "Kijana wetu amepita hapa akaona kitu kizuri. Sisi tukasema, wacha twende tuulize wenyewe."

"Mkaribie," Wamalwa alijibu, na alionekana kufurahishwa. "Lakini kwanza nimjue. Kijana, unafanya kazi gani?"

"Ninasomea nyota, mzee."

"Za kupiga ramli?"

"Hapana, za kupima. Tunatafuta sayari zinazozizunguka."

"Na unazionanga?"

"Hazionekani, mzee. Zinajulikana tu kwa vile nyota yake inayumba."

"Mulwa!" Wamalwa alipiga goti kwa kiganja. "Umeniletea mtu anatafuta vitu havionekani, na msichana wangu anaonekana hivi!"

Waliangua kicheko wote wanne. Asenath alimtazama Mumo, Mumo akamtazama Asenath, na katika mtazamo ule mlikuwa na nyumba yao, watoto wao, na miaka yao yote. Ni furaha ambayo sitaki hata kuieleza sana, maana haikumaliza dakika.

Pazia likafunguka. Mama Wakoli, ambaye dawa za mguu zilikuwa zimemlaza hadi kicheko kile kikamwamsha, alisimama hapo akiegemea fimbo, uso umejaa nuru.

"Nimesikia sauti ya mwanangu!" alisema. "Wakoli, si ungebisha chumbani? Umekuja siku nzuri. Leo dada yako anaposwa, na ndugu lazima awepo. Kaa hapo karibu na baba yako." Alitazama huku na huku. "Kwani wageni hawajafika?"

Mama Wakoli alimwona Mulwa, akaona zawadi juu ya meza, akaona suti. Kisha akamtazama bintiye, na bintiye, ambaye kwa wiki nyingi alikuwa ameiota dakika hii ikiwa na vigelegele, alikuwa akitazama sakafu aliyoisugua mara mbili.

"Asenath," mamake alisema polepole. "Mgeni ni nani?"

"Ni yeye, mayi. Ni Mumo. Nilitaka ufurahi."

Fimbo ilianguka. Mama Wakoli alirudi nyuma ya pazia akishikilia ukuta, na wakamsikia akikaa kitandani kwa uzito. Mumo aliruka kumfuata kama alivyozoea.

"Usiguse hiyo pazia!" Wamalwa alinguruma, naye Mumo akaganda alipokuwa.

Mulwa aliuliza kwa upole kuna shida gani. Wamalwa hakuwa mtu mbaya, na kama ungemwona alivyoipangusa pangusa meza ambayo haikuwa na vumbi, ungemwonea huruma.

"Nilisikia kuna kijana anayekuja mchana kumwona mgonjwa," alisema mwishowe. "Nikashukuru Mungu. Mke wangu alikuwa haongei Krismasi, hii iliyopita akaongea. Sikujua ndiye huyu. Kijana, ulimbeba?"

"Ndiyo, mzee. Alikuwa ameumia."

"Ulikula naye sahani moja?"

"Ndiyo."

"Na jina la mtoto wetu ulipewa, ukaitika." Wamalwa alitikisa kichwa. "Sasa unaniomba nikupe dada yako."

"Papa, si dada yake!" Asenath alilia. "Hatuna damu moja!"

"Damu ni nini? Jina la mtu aliyekufa si shati. Ukilivaa umelivaa."

"Hakuna njia, mzee mwenzangu?" Mulwa aliuliza. "Hata kwetu kuna mambo yanasafishwa."

"Iko." Wamalwa alivuta pumzi. "Kondoo anachinjwa, wazee wanaombea, hayo ya kubebana yanaoshwa. Lakini jina analirudisha, mbele ya mwenyewe aliyempa, kwa mdomo wake. Na kuanzia siku hiyo ni mkwe. Hatamwona mama yake Asenath tena, wala mama hatamwona. Akiwa hapa, mama atajificha. Akimpata njiani, mama atafunika uso. Hadi kifo. Mimi sikatai. Mkitaka hivyo, sema leo."

Asenath alimshika Mumo mkono mbele ya wazee, bila haya, akamtoa hadi koridoni, kwenye kamba za nguo.

"Umesikia? Kuna njia!" alisema. "Aki ya Mungu, nilidhani imekwisha."

Mumo alikuwa akitazama suruali ya mtoto wa jirani ikidondosha maji.

"Mumo, niongeleshe."

"Unajua aliniambia nini juzi? Alisema siku hizi akilala anaamka asubuhi. Miaka saba alikuwa anaamka saa tisa kusikiliza kama Wakoli amefungua mlango."

"Najua. Mimi naishi humo ndani."

"Sasa niende nimwambie nini? Kwamba nilikuwa nazuga?"

"Hukuwa unazuga! Ulimpenda na mimi unanipenda. Ni mimi nilikosea kunyamaza, nipige mimi, lakini usituache." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nani aliniambia vitabu vilisema sayari kubwa haiwezi kukaa karibu na nyota yake? Wakapima, si waliikuta hapo hapo?"

"Waliikuta."

"Basi na hii inawezekana."

"Nyota hazina mama, Asenath."

Alimwangalia kwa macho ya mtu aliyechoka, na Asenath akahisi baridi ikimpanda mgongoni, jua la Januari likiwa kali vile.

"Unanipenda?" alimuuliza.

"Unajua."

"Nataka kusikia."

"Nakupenda hadi naona haya. Nikipiga hesabu nakosea kwa sababu yako."

"Basi ingia useme sentensi moja. Moja tu. Ataumia, ndiyo, lakini atazoea. Wote huzoea. Ataona wajukuu. Wa kwanza tutamwita Wakoli, sasa si atakuwa amempata?"

Mumo alimpangusa shavu kwa kidole gumba. Alikaa hivyo kitambo, kidole kikiwa bado shavuni.

"Sawa," alisema. "Nitasema."

Asenath alimkumbatia hapo kati ya nguo mbichi za watu, na kwa muda wa kutembea kutoka pale hadi mlangoni alikuwa mchumba wa mtu.

Walipoingia, pazia lilikuwa limefunguliwa. Wamalwa alikuwa amezungumza na mkewe, naye Mama Wakoli alikuwa amekubali. Alikuwa ameketi juu ya kigoda katikati ya chumba chake, amewapa mgongo, na leso ameivuta kutoka kichwani hadi kidevuni ikaufunika uso wote. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshikilia ncha ya leso ile, na mshipa umesimama mgongoni mwa kiganja.

"Yuko tayari," Wamalwa alisema. "Simama mlangoni, usipite hapo. Sema."

Mumo alisimama mlangoni.

"Sema, Mumo," Asenath alinong'ona nyuma yake.

"Jina la Wakoli..." alianza, kisha akashika fremu ya mlango.

Sauti ya Mama Wakoli ilitoka chini ya kitambaa, ndogo, ya kubembeleza, kama ya mtu anayemwongoza mtoto kunywa dawa chungu. "Sema haraka, baba. Usiogope. Nimeshaachana na wewe mara moja, najua vile inafanywa. Mtunze tu msichana wangu."

Dakika iliyofuata Asenath hakuisahau maisha yake yote. Alisikia redio ya jirani. Alisikia Mulwa akikohoa. Alimwona Mumo kwa nyuma, suti ya kuazima imembana mabegani, na akajua, kabla hajasema, kama mtu anavyojua glasi itavunjika ikiwa bado hewani. Alinyoosha mkono amshike koti. Hakumfikia.

Mumo alivuka mlango. Alipiga magoti mbele ya kigoda, akaushika ule mkono uliokuwa umekaza leso.

"Mwaitu," alisema, "funua uso."

"Usinifanyie hivyo. Dada yako..."

"Funua uso. Siendi mahali."

Leso ikashuka. Mama Wakoli alimtazama, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akalia kwa sauti kubwa kama siku ile ya mazishi, ila mara hii mtoto alikuwa hapo wa kumshika. Mumo naye alilia, kichwa mapajani mwa mama. Wamalwa alivua kofia. Mulwa alichukua mfuko wa zawadi kutoka mezani, akauangalia, akaurudisha pale pale, kwa sababu zawadi za mwana kwa mamake pia hupokelewa.

Hakuna aliyemtazama Asenath. Alisimama karibu na kochi lenye kitambaa chenye unyevu, na alitaka kupiga kelele, kumtukana Mumo, kumtukana mamake, kujitukana. Alitaka mtu aseme kwamba hili halijaisha. Lakini alimjua Mumo, na alijua kwamba mtu anayependa namna ile hawezi kurudi nyuma, na kwamba ndiyo sababu hasa alimpenda. Angekuja Jumapili. Angekuja Pasaka. Angekuja na mke wake siku moja, msichana mzuri wa Machakos au wa wapi, na yeye Asenath angempokea wifi yake mfuko mlangoni.

Mumo aliinua kichwa, macho mekundu, akamtafuta kwa macho. Mdomo wake ulisema kitu bila sauti. Asenath aligeuza uso.

Mama Wakoli alijifuta machozi kwa leso, akavuta kamasi, akacheka kidogo kwa haya. Alikuwa amerudi kuwa mwenye nyumba, mama aliye na watoto wawili hai, na katika furaha yake hakuona kitu kingine.

"Asenath," aliita, "mbona unasimama hivyo? Mpikie kaka yako chai."

Asenath akaenda jikoni.